MAZUNGUMZO YA WIKI: Mzee Naye Hupenda Kutoka

Kila mwaka, upepo wa kusi unapoanza kuvuma, pwani yetu huingia katika mvua za masika. Huanza Aprili, huzidi Mei, na Juni hupungua kidogo kidogo. Mkulima huzipokea kwa furaha, kwa kuwa mahindi na mihogo yake yazingojea. Karani hunung'unika, kwa sababu viatu vyake hulowa kabla hajafika afisini. Lakini wote wawili hukubaliana katika neno moja, kwamba huu si wakati wa kutembea, na mwenye safari aiahirishe.

Wiki hii napenda kuzungumza na wasomaji juu ya safari moja ambayo haikuahirishwa, na juu ya jambo kubwa kuliko safari yenyewe, yaani jinsi sisi tulioajiriwa tunavyowatunza wazazi wetu.

Desturi yetu twaijua sote. Mwisho wa mwezi ukifika, mwana mwema hununua sukari, majani ya chai na sabuni, akaenda kwa mzazi wake. Huketi nusu saa, huuliza habari za magoti na za mbuzi, hutazama saa, kisha huaga. Tena tangu mwaka 2007, fedha zilipoanza kupelekwa kwa simu, wako wana ambao hawaonekani kabisa. Fedha hufika, mwana hafiki. Mzazi hushukuru, maana ni mtu wa adabu, nasi twadhani kwamba deni limelipwa. Walakini mtu hali sukari peke yake. Mzee ana njaa nyingine ambayo haisemi, njaa ya kutoka, kuona watu, kuulizwa shauri, na kujua kwamba ulimwengu haujamsahau.

Baba yangu sasa ana miaka 75. Katika ujana wake alikuwa mtumishi wa feri ya Kilifi. Kazi yake ilikuwa kuongoza magari yapandapo, kuweka vigingi kwenye magurudumu, na kushika kamba feri itiapo nanga. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 1991, daraja la Kilifi lilipofunguliwa, mimi nikiwa mtoto mdogo. Mama yetu alifariki mwaka uliopita, na tangu siku hiyo mzee hakutoka nje ya mji wake illa kwenda kliniki. Alikula kidogo na kusema kidogo. Tulipompelekea vitu alisema, "Ahsanteni, wanangu," kisha akageuza uso wake kutazama minazi.

Mwezi wa Mei ukaja na habari kwamba mwana wa dada yangu, aliye mlinda lango wa timu ya shule yake, atacheza mpira Malindi siku ya Jumamosi. Nikafikiri, mbona babu yake asiende kumtazama? Tulipokutana ndugu tukashindana. Kaka yangu mkubwa alisema, "Mvua hii yote! Mwataka kumwua mzee?" Dada yangu alisema hakuna haja, atapigwa picha za mchezo apelekewe. Tukabishana muda wa saa nzima, hata mke wangu akauliza swali moja tu: "Na yeye mwenyewe, mmemwuliza?" Hatukuwa tumemwuliza. Nilipomwuliza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Gari laondoka saa ngapi?"

Basi Jumamosi ile, mzee akiwa amekuja kulala kwangu Mombasa, tulipanda matatu ya Malindi alfajiri. Mvua ilikuwa yanyesha tangu usiku. Tulivuka Nyali, mahali ambapo mwaka 1931 palitandazwa daraja la kuelea juu ya maji, nalo likatumika hata daraja la saruji lilipofunguliwa mwaka 1980. Tukapita Mtwapa, ambako katika enzi za ukoloni feri ilivutwa kwa mikono ya watu, nao huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Mzee aliyajua haya yote. Kwa mara ya kwanza tangu msiba wetu, alianza kuzungumza bila ya kuulizwa.

Tulipofika juu ya daraja la Kilifi alipangusa kioo kwa mkono wake, akatuonyesha chini, mahali feri ilipokuwa ikitia nanga upande wa Mnarani na upande wa mji. Alieleza kwamba hatari ya feri haikuwa katikati ya maji, bali pale gari linapopanda na kushuka, maana hapo kila mtu ana haraka na mbao zimelowa. Abiria waliokuwa karibu wakamsikiliza. Kijana mmoja aliyekuwa amevaa vidude vya simu masikioni akavitoa. Mimi mwenyewe, mwanawe, sikupata kuyasikia mengi ya yale aliyoyasema, kwa kuwa siku zote nilimwuliza habari za magoti tu.

Kupita Kilifi, njia hufuata msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao una ukubwa wa kilomita za mraba kama 420, nao ndio msitu mkubwa kupita yote iliyobaki ya pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya kufika Gede, ule mji wa kale ambao Bwana James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, barabara ilishuka bondeni, na hapo tukakuta maji yanapita juu ya lami. Yalikuwa mekundu, yenye kwenda kasi, na upana wake ulikuwa kama hatua arobaini. Magari matatu yalikuwa yamesimama. Lori moja kubwa likapita polepole, likavuka salama.

Hapo ndipo mashindano yalipoanza. Abiria wengi walipiga kelele, "Twende! Lori limepita!" Mmoja alikuwa na arusi, mwingine na mzigo wa samaki. Nami nilikuwa na mchezo wa mpira. Dereva alitia gia. Mzee akasema kwa sauti yake ya zamani, ambayo sikuisikia tangu utoto wangu, "Mwanangu, ngoja."

Dereva akajibu kwa adabu, "Mzee, gari hili ni zito."

Mzee akasema, "Hata feri ilikuwa nzito, na maji yaliibeba kila siku. Unaiona lami iliyo chini ya maji haya? Huioni. Basi hujui kama ipo. Angalia kijiti kile kando ya njia. Maji yakishuka chini ya kile kifundo, tutakwenda. Yakipanda, turudi Kilifi tukanywe chai."

Wasomaji, neno hili la mzee asiyekwenda shule linakubaliana na elimu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Maji yenye kina cha sentimita 30 yaweza kuinua gari dogo, na yakiwa sentimita 60 yenye mwendo, yaweza kusukuma magari mengi, hata makubwa. Gari halihitaji kuzama ili lichukuliwe. Lianzapo kuelea kidogo tu, magurudumu hayashiki tena, na usukani huwa kama wa mchezo wa watoto. Tena mkondo huchimba udongo ulio chini ya lami, hata ikaonekana ni barabara kumbe ni ganda tupu. Lori likivuka, si ushahidi kwamba matatu itavuka.

Wala hatukukosa kuonywa katika nchi yetu. Tarehe 4 Desemba 1921 isingekuwa ajabu watu kutojua, lakini ilikuwa mwaka 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, basi lililochukua watu waendao arusini lilipojaribu kupita katika maji yaliyofunika daraja. Zaidi ya watu 30 walikufa mbele ya macho ya waliosimama ukingoni. Na Aprili 2024, katika njia ya Garissa, basi jingine lilichukuliwa na maji, ikawa bahati njema kwamba abiria 51 waliokolewa. Waliokuwa ndani ya mabasi hayo hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye haraka, kama sisi.

Dereva alizima gari. Tulingoja saa moja na nusu. Wengine walinuna, mwenye samaki akalalamika, na dakika zangu zikapita moja baada ya moja. Mzee alikuwa ametulia, akitazama kijiti chake. Mvua ikapungua, maji yakashuka chini ya kifundo, lami ikaonekana. Ndipo tukaona kwamba ukingo mmoja wa barabara umekatika, shimo la kutosha kumeza gurudumu zima. Dereva akaliepuka, tukavuka. Hakuna aliyesema neno, illa mwenye samaki, ambaye alimpa mzee nafasi ya kunyosha miguu yake.

Tulifika uwanjani kipindi cha kwanza kikiwa karibu kwisha. Na hiki tulikipata kwa sababu mwamuzi naye alikuwa amechelewesha mchezo. Ni vema mashabiki wajue jinsi mambo haya yanavyoendeshwa. Uwanja ukijaa maji, mwamuzi huuzunguka na mpira mkononi, akauangusha mahali mbalimbali. Mpira usiporuka, au ukisukumwa ukakwama majini, mchezo haufai kuanza, kwa kuwa wachezaji watateleza na kuvunjana miguu. Neno la mwisho ni lake mwamuzi, si la mashabiki wala la walimu. Kabumbu ni mchezo wa sheria tangu zamani. Nchi zetu zilianza kushindania Kombe la Gossage mwaka 1926, Kenya na Uganda, kisha Tanganyika ikaingia mwaka 1945 na Unguja mwaka 1949. Miaka hiyo yote sheria ndiyo iliyowezesha majirani kushindana na kurudi nyumbani wakiwa bado majirani.

Mjukuu wa mzee alifungwa mabao mawili, na upande wake ukapata moja. Bao la pili lilimtoka mikononi, mpira ukiwa umelowa tope. Mchezo ulipokwisha alikuja kwetu ameinamisha kichwa. "Shikamoo, babu," akasema, machozi yakimlengalenga. Nilidhani mzee atamfariji kwa maneno matamu. Hakufanya hivyo. Aliitikia marahaba, akamshika mikono yake yote miwili, akaitazama, kisha akasema, "Kamba iliyolowa haishikwi kwa vidole. Huvutwa kifuani. Mpira nao ni hivyo hivyo. Mchezo ujao ukumbatie." Kijana akacheka, wenzake wakakusanyika, na mzee akawafundisha watoto wa sekondari namna ya kushika kamba ya feri ambayo hawakupata kuiona.

Kisha tuliingia hotelini tukala mbaazi kwa mahamri na chai ya tangawizi. Nilipotia mkono mfukoni, mzee alinizuia. "Leo nimewatoa mimi," akasema. Alilipa kwa fedha zake, akahesabu chenji, akaitia katika kibeti chake. Sikushindana naye. Zile fedha pengine ni zile zile nilizompelekea mimi, walakini siku ile zilikuwa zake, naye alikuwa baba, si mgonjwa.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo madogo. Na mimi najibu kwamba mzee yule, aliyekuwa hasemi, wiki iliyofuata aliuliza ratiba ya michezo ya shule. Dawa za kliniki ni njema, wala mtu asiziache. Lakini liko tunzo lisilouzwa katika duka la dawa.

Basi kwa wale watakaopenda kuwatoa wazee wao, haya ndiyo mashauri yangu. Kwanza, mwulizeni mzee mwenyewe, na akikataa msimlazimishe. Pili, chukueni dawa zake za siku mbili, wala si za siku moja, maana mvua haina ahadi. Tatu, chukueni sweta na nguo kavu ndani ya mfuko usiopenyeza maji, kwa kuwa baridi humwingia mzee upesi kuliko kijana. Nne, mkalisheni mbele, karibu na mlango, wala si kiti cha nyuma kinachorusha. Tano, tokeni mapema, ili pakiwa na maji njiani mpate nafasi ya kungoja bila ya kusukumwa na saa. Sita, akitaka kulipa chai, mwacheni alipe.

Na madereva, nanyi neno lenu ni hili. Abiria wakipiga kelele, kumbukeni kwamba kelele hazijui kuogelea. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Anayewashauri kusimama apoteza saa moja. Anayewahimiza kupita hatakuwapo kuwafariji watoto wenu.

Wahenga walisema kwamba radhi ni bora kuliko mali. Wengi wetu twaitafuta radhi ya wazazi siku wanapokata roho, tukiwa tumezunguka kitanda. Afadhali itafutwe mapema, wakati magoti yao bado yaweza kupanda gari na macho yao bado yaona mpira. Mvua za Juni zingali zinakuja, na ratiba za michezo zimebandikwa katika shule nyingi. Mwenye baba au mama na ampigie simu leo, si kumwuliza habari za magoti, bali kumwuliza wapi angependa kwenda.