Si Kila Kichupa ni Dawa

Wapenzi wa lugha, tunabishana sana juu ya vina na mizani, na ni haki yetu. Leo naomba tubishane juu ya neno moja fupi: dawa.

Kwetu Mara, kama kwingineko, neno hili hubeba mzigo mkubwa. Ipo dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya mbu, na dawa ya kunyunyizia pamba kule Bunda. Katika ushairi upana huu ni utajiri. Katika sayansi ni mtego.

Mwaka 1990, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilijitokeza na Kemron, na Rais Daniel arap Moi akashiriki kuitangaza. Ndani yake mlikuwa na intaferoni ya alfa, kwa kiasi kidogo mno, ya kuyeyushwa kinywani. Maneno "dawa ya UKIMWI" yakavuka mipaka, na wagonjwa wakafunga safari kwenda Nairobi. Majaribio ya baadaye, likiwemo la Uganda, hayakuonyesha manufaa. Neno lilikuwa limeutangulia ushahidi, na waliolipia ni wagonjwa.

Intaferoni, iliyotambuliwa London mwaka 1957 na Isaacs na Lindenmann, ni mojawapo ya protini ziitwazo saitokini. Seli huzituma ili kupashana habari: adui ameingia, jihadharini. Ile ya Kemron ilivunwa kutoka katika seli za binadamu. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa kuchukua jeni ya binadamu na kuipandikiza ndani ya bakteria, nao bakteria wakaizalisha protini hiyo. Nyingine husafishwa na kuthibitishwa kuwa tiba. Nyingine huuzwa katika vichupa vidogo kwa kazi ya maabara tu, wala hazifai kudungwa mtu yeyote.

Je, tuviite vyote dawa? Nasema hapana. Cha maabara tunacho tayari jina lake: kitendanishi. Tulitumie bila haya. Saitokini yenyewe naomba tuiite protini tarishi. Wapo watakaopendekeza "mjumbe", lakini huyo Musoma tunamjua kuwa mwakilishi wa watu, mwenye kauli yake. Tarishi hupeleka barua; haandiki barua, wala hatoi uamuzi. Ndiyo kazi ya protini hii. Na ile iliyozalishwa kwa bakteria iwe tarishi ya jeni pandikizi, maana kila mkulima wa Butiama anajua kupandikiza ni nini.

Nanyi malenga, "tarishi" lina mizani tatu na kina chepesi. "Saitokini" lina tano. Lipi litakaa vizuri zaidi katika utenzi wa kuwaelimisha watu?

Atakayesema kuunda istilahi ni kazi ya BAKITA peke yake, amkumbuke mwana wa Butiama. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare, hakuandika "Mfanyabiashara wa Venisi". Aliandika *Mabepari wa Venisi*, 1969. Neno moja likabeba msimamo mzima. Baraza husanifu, lakini maneno huzaliwa vinywani na kalamuni mwa watu.

Basi leteni hoja, na mwenye neno bora kuliko tarishi alilete. Ila kabla ya kuandika "dawa", tuulize kwanza: imethibitishwa kumponya nani?