Kabla ya kulipa karo ya shahada ya afya, tutazame mpaka wetu

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini yupo mkulima mmoja ambaye sisi tungependa achague jembe lake kwa makini sana. Huyo ni kijana wa Bwera, Kasese au Katwe mwenye shahada ya kwanza, ambaye ameweka akiba kwa miaka mingi ughaibuni, au ambaye mama yake ameuza samaki na vitenge Mpondwe mpaka fedha zikapatikana, na sasa anataka kusomea shahada ya uzamili katika mambo ya afya.

Swali linalomsumbua ni moja. Asomee usimamizi wa huduma za afya, au asomee sera ya afya? Vyuo vinanadi zote mbili kwa maneno yanayofanana, na wazazi wengi hudhani kwamba shahada ni shahada, ilimradi kuna joho na picha ya kutundika ukutani. Sisi tunasema sivyo. Hizi ni kazi mbili tofauti, na anayekosea kuchagua hupoteza miaka miwili pamoja na mtaji wa duka zima.

Tuanze na mambo yaliyotokea hapa hapa kwetu. Mwezi Juni mwaka 2019, familia moja iliyokuwa imekwenda Kongo kumuuguza jamaa yao ilivuka mpaka ikiwa na mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa. Mtoto alifikishwa hospitali ya Kagando. Wahudumu wa pale walishuku Ebola, wakampeleka Bwera, ambako sehemu ya kutibu ugonjwa huo ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Juni 11 ikathibitishwa. Mtoto huyo, bibi yake na mdogo wake wa miaka mitatu waliugua na wote watatu wakafariki.

Ulikuwa msiba mkubwa. Hata hivyo, ugonjwa haukutoka kwao ukamwambukiza mtu mwingine ndani ya Uganda. Ng'ambo ya mpaka, mlipuko huo uliotangazwa Agosti 2018 uliendelea hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Tangu Novemba 2018 Uganda ilikuwa imeanza kuwachanja wahudumu wa afya wa maeneo ya mpakani, na kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika walikuwa wamechanjwa karibu 4,700 katika vituo 165. Kuamua kuwachanja watu katika nchi ambayo haikuwa na mgonjwa hata mmoja, na kuamua nani atangulie, hiyo ni sera. Kuamua kwamba mpaka uendelee kuwa wazi, watu wapimwe joto na wanawe mikono, badala ya kuufunga, hiyo pia ni sera.

Wafanyabiashara wetu wanajua uzito wa uamuzi huo. Mpaka ukifungwa, biashara haifi yote. Inahamia kwenye njia za panya, ambako hakuna mtu mwenye kipima joto. Aliyelijua hilo akalitetea mbele ya wakubwa aliokoa riziki za watu, na huenda aliokoa roho zao pia.

Lakini chanjo ile ilitakiwa kutunzwa kwenye baridi kali, nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi. Nani alihakikisha jokofu haliharibiki? Nani alipanga zamu za wauguzi, akatafuta glavu, akajaza mafuta gari la wagonjwa, akahakikisha maji ya kunawa hayakauki siku ya soko, na posho za waliokesha zinafika? Hayo ni mambo ya usimamizi. Sera nzuri bila msimamizi ingekufa njiani kabla ya kufika Bwera.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2001. Mwezi Machi mwaka huo serikali ilifuta malipo ya wagonjwa katika vituo vya umma. Maskini waliokuwa wakiugulia nyumbani walimiminika vituoni. Ulikuwa uamuzi wa sera, na uliwasaidia wengi. Lakini foleni ziliporefuka, dawa ziliisha mapema, wauguzi wakazidiwa, na mgonjwa akaambiwa matibabu ni bure huku akipewa karatasi ya kwenda kununua dawa dukani. Uamuzi ulifanywa Kampala kwa siku moja. Kazi ya kuutekeleza iliangukia kwa msimamizi wa kituo cha kijijini, ambaye mara nyingi hakufundishwa hesabu za stoo wala kuongoza watu.

Kwa hiyo tofauti ni hii. Anayesomea usimamizi hujifunza kuendesha nyumba: bajeti, manunuzi, watumishi, takwimu za wagonjwa, majengo na ubora wa huduma. Anayesomea sera hujifunza kuuliza nyumba ijengwe wapi, nani alipe na sheria iseme nini: uchumi wa afya, utafiti, sheria na siasa za maamuzi. Wa kwanza ofisi yake iko hospitalini. Wa pili ofisi yake aghalabu iko wizarani, bungeni, chuoni au kwenye shirika la kimataifa.

Je, sisi wa mpakani tunahitaji nani zaidi? Kwa maoni yetu, tunahitaji wasimamizi kwanza. Mafuriko ya Mei 2020 yalipoiharibu hospitali ya Kilembe, kilichotakiwa saa ile ni mtu wa kuhamisha wagonjwa, kuokoa vifaa na kufungua huduma mahali pengine. Kituo cha afya kinaweza kuwa na daktari hodari na bado kikamwangusha mama mjamzito kwa sababu taa imezimika na hakuna aliyenunua mafuta ya jenereta.

Hatusemi kwamba sera haina nafasi. Mwaka 2004 viboko wengi walikufa kwa kimeta katika mfereji wa Kazinga, karibu na Mweya. Ugonjwa huo unamhusu askari wa hifadhi, daktari wa mifugo, mvuvi anayeikuta nyama majini na muuguzi wa zahanati, na kila mmoja ana mkubwa wake. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka katika kijiji cha wavuvi cha Katwe, na wachunguzi wakakuta kwamba watu walikunywa maji machafu waliyoteka ufukoni mwa ziwa. Ziwa hilo lina nchi mbili. Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini virusi na vijidudu havikuwahi kungoja mkataba wowote. Kijana anayejua Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na Lukonzo, na anayeijua Kasindi kama anavyoijua Mpondwe, anaweza kufanya kazi ya sera ambayo msomi wa mbali hataiweza. Huyo asomee sera, nasi tutamshangilia.

Tatizo letu ni na yule anayechagua sera kwa sababu jina lake ni zuri, au anayechagua usimamizi kwa sababu anadhani ni njia fupi ya kuwa mkubwa wa madaktari. Zipo nafasi serikalini ambazo hazimpokei asiye daktari au muuguzi hata awe na shahada ya uzamili. Zipo nyingine, kama utawala, fedha na takwimu za hospitali, ambazo milango yake ni mipana zaidi. Njia ya kujua si kumwuliza wakala wa chuo. Ni kusoma matangazo ya kazi ya tume ya utumishi ya wilaya na ya wizara, na kuona wanataka cheti gani na uzoefu wa miaka mingapi.

Lipo pia suala la wafadhili. Kwa miaka mingi vijana wetu walisoma wakiwa na mradi wa kigeni akilini: gari jeupe, mshahara wa dola na semina za hotelini. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya Uganda ikatikisika. Kliniki za Ukimwi zilizokuwa zikijitegemea ziliagizwa kuunganishwa na huduma za kawaida za hospitali. Tukio hilo linatufundisha kwamba shahada iliyochaguliwa kwa ajili ya mradi huweza kufa pamoja na mradi. Ujuzi wa kuendesha hospitali kwa fedha kidogo haufi.

Kwa anayetafuta mahali pa kusoma, si lazima avuke bahari. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kilichoko Nkozi kinafahamika kwa mafunzo ya usimamizi wa huduma za afya. Makerere ina Shule ya Afya ya Jamii, ambayo tangu mwaka 1994 imekuwa na utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi wa uzamili wilayani wajifunze kwa kufanya kazi. Mbarara nako hufundishwa afya ya jamii, na ni karibu na nyumbani. Nairobi, Strathmore hutoa shahada ya biashara iliyolenga usimamizi wa afya. Aliyekwisha kupata uzamili anaweza kuomba mafunzo ya vitendo ya miaka miwili ya Wizara ya Afya, yaliyoanza mwaka 2015, ambayo huwapeleka vijana moja kwa moja kwenye milipuko ya magonjwa.

Kwa ndugu zetu waliorejea, tuna neno la tahadhari. Cheti cha nje, hata kiwe cha chuo chenye sifa, kipelekwe kwanza Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kitambuliwe na kulinganishwa. Na kabla ya kulipa karo ndani ya nchi, ulizeni kwenye baraza hilo hilo kama kozi yenyewe ina idhini na kama idhini hiyo haijapitwa na wakati. Mwaka 2023 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba kozi za vyuo vingi, vikubwa kwa vidogo, zilikuwa zimepitwa. Kuuliza ni bure. Kutouliza kunaweza kugharimu akiba yote ya Dubai au London.

Ushauri wetu mwingine ni huu. Mwenye shahada ya kwanza asikimbilie uzamili mwaka ule ule. Akafanye kazi kwanza, hata ya kujitolea, katika kituo cha afya cha Bwera, Katwe au Kasese. Akae stoo, akae kwenye meza ya kupokea wagonjwa, ahudhurie vikao vya bajeti. Baada ya mwaka mmoja au miwili atajua mwenyewe kinachomkera zaidi. Kama ni dawa kupotea na watumishi kuchelewa, asomee usimamizi. Kama ni sheria mbovu na mgawo usio wa haki, asomee sera. Mtu mwenye swali lake mwenyewe hufaidi darasa kuliko mwenye njaa ya cheti tu.

Tunatoa wito pia kwa wakuu wa wilaya. Si haki mzigo huu wote kuwaachia akina mama wa soko. Wilaya ichague wauguzi, wahasibu na maafisa wachache kila mwaka, iwalipie karo, nao wafunge mkataba wa kurudi kutumikia hapa kwa miaka kadhaa. Hospitali za makanisa zingeweza kushirikiana na serikali katika jambo hili. Na vyuo vilete madarasa ya mwisho wa wiki Kasese au Fort Portal, ili muuguzi wa Bwera asilazimike kuacha wodi yake kwenda kutafuta elimu Kampala.

Mpaka wa Mpondwe hautahama, na magonjwa ya ng'ambo hayatakwisha. Siku mgonjwa mwingine atakapovuka, hatutauliza jina la shahada ya aliye ofisini. Tutauliza kama jokofu linafanya kazi na kama kitanda kiko tayari. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Vijana wetu waulize hayo leo, kabla ya kulipa karo.