Kelele za ekzosi zaficha hatari ya moshi

MNGURUMO wa magari yenye tabo, hasa Subaru, umewakera wakazi wengi wa Nairobi. Lakini wahenga walinena kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Bomba likipanuliwa, moshi hupita bila kizuizi, tabo ikazunguka upesi na gari likaongezeka nguvu. Hilo halina ubishi. Tatizo ni kuwa baadhi ya mafundi hung'oa pia katalisti, kifaa kinachopunguza sumu kama vile kaboni monoksidi kabla ya moshi kutoka nje.

Kanuni za kudhibiti kelele zilitolewa nchini mwaka wa 2009. Hata hivyo, sikio la afisa wa trafiki haliwezi kutambua sumu. Gari lenye sailensa nzuri lakini lisilo na katalisti litampita kimya kimya.

Bomba pana laweza kufungwa bila kuitupa katalisti. Hivyo basi, ukaguzi wa magari sharti upime moshi pia. La sivyo, dereva atafurahia kasi huku mchuuzi wa kando ya barabara akiigharimia kwa mapafu yake.