Kura ya Haki katika Wodi ya Watoto

Mto Sigi huanzia katika misitu ya Amani, huteremka kupita mashamba ya iliki na karafuu, na hatimaye humwaga maji yake baharini karibu na Tanga. Njia ya mgonjwa nayo hufuata mteremko huohuo. Mtoto wa Sigi anapozidiwa na homa, hubebwa hadi Hospitali Teule ya Muheza. Mzazi anayefika huko usiku wa manane hatarajii kulisikia neno «kura». Hutarajia kwamba daktari anajua la kufanya. Lakini pale ambapo daktari hajui kwa hakika, kura ina haki zaidi kuliko makisio yake, na ushahidi wa jambo hili umepatikana katika wodi hiyohiyo ya Muheza.

Kati ya mwaka 2009 na Januari 2011, hospitali hiyo ilishiriki, pamoja na nyingine tano za Kenya na Uganda, katika utafiti uitwao FEAST. Swali lilikuwa moja. Mtoto mwenye homa kali, ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofika hata mikono na miguu ikawa ya baridi, je, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka katika saa ya kwanza, au apewe maji ya kawaida polepole pamoja na dawa zake? Miongozo ya tiba ilielekea kwenye maji ya haraka, na katika nchi tajiri huo ulikuwa utaratibu wa kila siku. Waliokuwa na wasiwasi waliwahurumia watoto ambao wangekosa maji hayo.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: maji ya chumvi kwa haraka, albumini kwa haraka, na kundi la ulinganisho lisilopewa maji ya haraka. Katika muda wa saa 48 walifariki asilimia 7.3 ya watoto wa kundi la ulinganisho. Katika makundi ya maji ya haraka walifariki asilimia 10.5 na 10.6. Ilikusudiwa kuandikisha watoto 3,600, lakini kamati huru iliyokuwa ikizichunguza takwimu ilishauri uandikishaji usimamishwe kabla ya idadi hiyo kutimia.

Kwa nini jambo hili halikuonekana mapema? Kwa sababu jicho lilidanganywa. Watoto waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu zaidi katika saa ya kwanza: mikono ilipata joto, mapigo yakaimarika. Muuguzi aliyeyaona hayo aliamini kwamba ameokoa maisha, na kifo kilipokuja baadaye kililaumiwa ugonjwa. Aidha, tofauti ya watoto watatu katika kila mia haiwezi kutambuliwa na mtu mmoja kwa kumbukumbu zake, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini. Huhitaji hesabu, na hesabu huhitaji watu wengi.

Lakini wingi peke yake hautoshi. Lau madaktari wangeachiwa wachague, wangewapa maji ya haraka watoto waliozidiwa zaidi. Na hao wangefariki kwa wingi hata kama maji hayana kosa. Hapo ndipo ilipo kazi ya kura. Huwagawanya watoto bila kujali hali, kabila, fedha wala huruma ya mganga, ili makundi yafanane katika yale yanayojulikana na yale yasiyojulikana. Ndiyo maana bahasha ya kura hufungwa: mganga asijue kilichomo kabla mtoto hajaandikishwa, asije akaingiza upendeleo wake. Na ndiyo maana inafaa kura ipigwe ndani ya kila hospitali, ili Muheza ilinganishwe na Muheza, wala si na mji mwingine wenye vifaa tofauti.

Hospitali hiyohiyo ilishiriki pia katika utafiti uliolinganisha sindano ya artesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2010, yalionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti na 10.9 kwa waliopewa kwinini. Kwinini ilikuwa imeheshimiwa kwa muda mrefu. Heshima hiyo haikuisaidia mbele ya hesabu.

Yafaa tahadhari moja. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa katika FEAST. Mtoto aliyepungukiwa maji kwa kuharisha bado anahitaji kurudishiwa maji, na mzazi asimnyime kwa kusikia habari hizi nusunusu.

Wapo wasemao, «Mwanangu si panya wa majaribio.» Kauli hiyo isidharauliwe, kwani ni vigumu kumweleza mzazi maana ya kura ilhali mtoto anahema mikononi mwake. Ndiyo sababu katika dharura kama hizo FEAST iliruhusu ridhaa ya mdomo itangulie na ya maandishi ifuate, na bado ni halali kuujadili utaratibu huo. Lakini tiba isiyopimwa nayo ni jaribio, tena jaribio lisilo na daftari: mtoto hufa, wala hakuna ajifunzaye kitu.

Kwa hiyo mzazi anayeombwa ridhaa ana haki ya kuuliza: Je, ni kweli hamjui ipi bora? Kundi jingine litapata matunzo gani? Nani atausimamisha utafiti mambo yakiharibika? Na mhudumu wa afya anayeulizwa hayo ajibu kwa lugha ambayo mzazi wa Sigi anaielewa, akianza na maneno magumu kuliko yote katika taaluma yake: «Hatujui bado.»