Namba Isiyo na Jina ni Bubu

Mtoto wa Morogoro apimaye mvua chini ya milima ya Uluguru huandika "25" daftarini. Ni milimita au sentimita? Ya siku au ya juma? Namba hiyo ni bubu.

Wahandisi wa umeme walilitambua jambo hili. Programu ya ngspice, mrithi wa SPICE ya Berkeley, Marekani (1973), hukokotoa mwenendo wa saketi na kuhifadhi mawimbi yake kwa 0 na 1 tupu. Lakini mwanzoni mwa faili huweka kichwa cha maneno: jina la kila kipimo, aina yake, na idadi ya nukta. Asiyekisoma hatofautishi volti na sekunde.

Ndugu walimu, tusikimbilie grafu. Hatuna budi kudai kichwa cha jedwali kwanza. Tukisifu tarakimu zisizo na kipimo, twafundisha kunakili, si kusoma.