Mali Bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeukumbuka usemi huo muhula huu, baada ya mwanafunzi wangu mmoja kupoteza siku tatu akisaka maana ya kigezo kimoja katika maktaba ya programu anayoitumia kwa utafiti wake. Msimbo ulikuwa wazi na wa bure. Kilichokosekana ni aya mbili za maelezo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi. Sikubaliani nao. Maarifa yasiyoandikwa hubaki kwa wachache, na wachache hao hugeuka mabawabu wa kile tulichoambiwa ni mali ya wote.

Tutazame NumPy, maktaba ya hesabu katika lugha ya Python. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006, huku mwongozo wake mkuu, ulioandikwa na mwanzilishi wake Travis Oliphant, ukiuzwa. Mwaka 2007 Joseph Harrington, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Central Florida nchini Marekani, aliitumia kufundishia uchambuzi wa data za falaki. Wanafunzi wake wakataabika kwa uhaba wa maelezo. Hakuishia kulalamika. Mwaka 2008 aliongoza kampeni ya uandishi: watumiaji wa kawaida walihariri maelezo ya kila amri kwa njia ya wavuti, na wahakiki wakayapitia kabla hayajaingizwa kwenye msimbo.

Funzo ni kwamba mwandishi bora wa maelezo si lazima awe bingwa. Bingwa amekwisha kusahau alipojikwaa. Mgeni bado anauguza kidole.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma, usiidhinishe malipo ya mwisho ya mfumo wowote kabla maelezo yake hayajajaribiwa na mtu ambaye hakushiriki kuutengeneza. Mkandarasi ataondoka, wananchi watabaki kwenye foleni. Nawe mwanafunzi, ukikwama kisha ukajikwamua, andika siku hiyohiyo, ukiweka na mfano unaofanya kazi.

Nasi wahadhiri tujisute. Tunapandishwa vyeo kwa makala zinazosomwa na wachache, ilhali ukurasa wa maelezo unaowavusha wengi hauhesabiwi kuwa kazi ya kitaaluma. Tukiendelea hivyo, tusishangae wanafunzi wetu wakibaki wateja wa maarifa badala ya kuwa wamiliki wake.