Gharama ya kuuza maua nje: Kati ya Kenya na Ethiopia, nani apataye nafuu?

IWAPO takwimu za Benki ya Dunia zingekuwa mwamuzi wa pekee, mkulima wa maua wa Naivasha angemcheka mwenzake wa Ziwa Ziway nchini Ethiopia.

Ripoti ya benki hiyo ya 2020 kuhusu mazingira ya biashara ilionyesha kuwa shughuli za mpakani zilimchukua muuzaji bidhaa nje saa 16 na kumgharimu dola 143 za Marekani nchini Kenya. Nchini Ethiopia zilichukua saa 51 na dola 172.

Hata hivyo, takwimu hizo hazisemi yote. Benki yenyewe iliacha kuchapisha ripoti hizo mnamo 2021 baada ya kugunduliwa kuwa data za mataifa kadhaa zilivurugwa. Isitoshe, hesabu yake haikujumuisha ushuru wa forodha, na hapo ndipo Naivasha ilipochomwa na mwiba.

Ethiopia imo katika orodha ya mataifa yenye maendeleo duni zaidi, hivyo maua yake huingia Ulaya bila ushuru. Kenya haimo. Ililazimika kutegemea mkataba wa kibiashara na Umoja wa Ulaya (EU), na makataa yalipopita bila mkataba huo, maua yake yakaanza kutozwa ushuru Oktoba 1, 2014. Ya Ethiopia, Uganda na Tanzania yaliendelea kupita bure. Kenya ilipata afueni mwishoni mwa Desemba mwaka huo, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kukamilisha mazungumzo.

Nafuu hiyo nayo ilikuwa ya wasiwasi. Mnamo 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini huku Tanzania ikikataa, na mkataba wa pamoja ukakwama. Hatimaye Kenya ilitia saini mkataba wake yenyewe Desemba 18, 2023, nao ukaanza kutekelezwa Julai 1, 2024.

Ushuru umeondoka, lakini ukaguzi umezidi. Tangu Aprili 26, 2025, EU inataka waridi kutoka Afrika yakuzwe chini ya mfumo maalumu wa kudhibiti nondo mharibifu, kuanzia shambani hadi kwenye pakiti. Sharti hili linazibana nchi zote mbili. Atakayeshinda ni yule ambaye wakaguzi wake ni hodari na wepesi, kwa kuwa ua lililokatwa halingoji.

Aidha, kila upande una mzigo wake wa nyumbani. Wauzaji wa Kenya wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu kucheleweshwa kwa marejesho ya ushuru wa VAT. Wenzao wa Ethiopia, hadi mageuzi ya Julai 2024, walibadilisha sehemu kubwa ya dola zao kwa kiwango rasmi kilichokuwa chini mno ya kile cha soko la magendo.

Ni wazi basi kwamba hasara ya 2014 haikutokana na uzembe wa afisa wa forodha. Ilitokana na mazungumzo yaliyokokotwa hadi makataa yakapita, na aliyehatarishwa zaidi ni kibarua wa Karagita asiyekuwa na kiti mezani. Serikali ikitaka kulinda ajira za Nakuru, ilipe marejesho kwa wakati, iongeze wakaguzi wa mimea, na kamwe isingoje tena dakika ya mwisho kutetea soko lake.